Nyundoni Inaendelea

Kuna nchi moja ambayo jina lake nimeshauriwa nisilitaje ovyo, lisije likachakaa kwa kutumiwa. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba. Mimi ni mpiga mbiu wa kata katika nchi hiyo. Serikali imenipa kipaza sauti na betri zake, nami nimeipa serikali koo langu. Kwa hiyo atakayesema kwamba katika habari hii naisema vibaya serikali, huyo ana lake jambo. Mimi natangaza tu.

Mtaa wetu unaitwa Nyundoni, na ni mtaa wa mafundi wa sufuria. Sisi hatuchimbi madini, tunaokota. Mlango wa gari uliokunjika, feni iliyokufa, birika lililotoboka, vyote vinaingia tanurini na kutoka sufuria. Kuni zetu zilikuwa makumbi na vifuu vya nazi, na maranda tuliyopewa na maseremala waliokuwa wanataka tu kufagia. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo tulivyowakuta wazee. Hakuna aliyekuwa na jina la jambo hilo. Huo ndio uliokuwa ushamba wetu.

Tulikuwa pia na mila moja, ya kuulaza moto. Alasiri ikiingia, kila tanuri hufunikwa majivu, makaa yakabaki hai chini yake, moshi ukakatika, akina mama wakaanika nguo. Ijumaa moto haukuamshwa kabisa. Na fundi akifiwa, mtaa mzima hulaza moto. Jeneza linapitishwa mbele ya karakana, nyundo zinalazwa chini, na mpaka hitima ipite hakuna anayegusa mvukuto wa kupulizia moto. Wazee walisema moto nao ni kiumbe, usipolala utawatafuna wenye nyumba.

Hodari wa kulaza moto alikuwa mdogo wangu Mwasiti, tumbo moja na mimi. Mumewe ni Fundi Sekondo, shemeji yangu, mtu wa maneno machache hata wateja wapya humdhania bubu. Yeye alimimina, Mwasiti alivukuta. Alasiri Mwasiti alichukua karai la majivu akayamwaga polepole, kama anayemfunika mtoto, akauambia moto: "Lala, kesho ni yako." Asubuhi aliyachokoa majivu, akapuliza, moto ukaamka. Sekondo hakuwahi kuuamsha. Alikuwa akisema moto wa nyumba ile unamjua mkewe, yeye unamvumilia tu.

*

Basi wakaja wafadhili kutoka ng'ambo, wakaiambia serikali kwamba viwanda vidogo vinatakiwa vifanye kazi kwa namna ambayo hata wajukuu watakuta kitu. Jambo hilo walilisema kwa neno moja la kwao. Serikali haikukaa bure. Iliunda Kamati ya Kulitafutia Neno Hilo Neno, ikaipeleka kwenye hoteli yenye utulivu, maana neno halitafutwi kwa njaa. Kamati ilikaa huko mpaka wapishi wakawajua wajumbe kwa majina ya utani, ikarudi imenawiri, na neno mkononi: endelevu.

Ni neno zuri, wala sitanii. Nililitangaza kutwa nzima. Viwanda endelevu, uzalishaji endelevu, maisha endelevu. Lilikuwa tamu mdomoni. Kasoro ilikuwa ndogo tu: Kamati ilisahau kurudi na maana yake. Inasemekana ilibaki hotelini, pamoja na mwavuli wa mwenyekiti.

Ndipo akaja Nyundoni Waziri wa Mazingira, Mwendelezo na Mengineyo, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kaguo, kutuelimisha. Alivaa shati la kijani na viatu vya kijani, na gari lake halikuzimwa muda wote wa mkutano, ili kiyoyozi kimsubiri.

"Ndugu wananchi," alisema, nami nimemshikia kipaza sauti, "neno endelevu limetokana na nini? Limetokana na kuendelea. Sasa niwaulize, kitu kinachoendelea kinasimama?"

"Hakisimami," tukajibu.

"Kwa hiyo kiwanda endelevu ni kiwanda gani?"

"Kisichosimama."

"Mmefaulu wote," akasema, akajifuta jasho. "Taifa linaloulaza moto wake litaamka limelaliwa."

Tulipiga makofi. Hakuna aliyeelewa, lakini maneno yalikuwa yamepangwa vizuri. Na hapohapo ikawa sheria: moto wa kiwanda haulazwi, haufunikwi, hauzimwi, si alasiri, si Ijumaa. Karakana itakayosimama itafungwa kufuli na tanuri lake kubomolewa, kwa faida ya wajukuu. Hata kusalimiana kukarekebishwa. Habari za asubuhi zikaonekana zinarudisha watu kwenye asubuhi. Tukaagizwa tuulizane "Unaendeleaje?" na jibu moja tu likaruhusiwa: "Naendelea."

Mwasiti akanyoosha mkono. Nilimwona, nikajifanya sikumwona, lakini Waziri naye alimwona.

"Mheshimiwa," akasema, "na tukifiwa?"

Waziri akacheka, kicheko cha upole cha mtu aliyeshiba.

"Mama, mtaomboleza huku mkiendelea."

Makofi tena. Mwasiti akakaa chini, akajitandia kanga yake vizuri, akaniangalia mimi na kile kipaza sauti changu.

*

Sasa utajuaje kwamba kiwanda hakijasimama? Wizara ilifikiri sana, ikapata jibu: moshi. Penye moshi pana moto, na penye moto pana mwendelezo. Mnara ukajengwa mwisho wa mtaa, na juu yake akapandishwa Afisa Endelevu wa Kata, Bwana Mtunga, na darubini. Kazi yake ilikuwa kuyatunza mazingira kwa kuhakikisha kila bomba linatoa moshi. Moshi mweusi ulisifiwa. Moshi mwembamba ulipata onyo. Fundi mmoja jirani yetu alichoma matairi, akapewa mkono hadharani.

Msinicheke. Bwana Mtunga alikuwa mtu mwema. Alikohoa kule juu kuliko sisi tuliokuwa chini, maana moshi wote ulimkuta yeye kwanza. Nilipompelekea maji alikuwa akiniuliza, "Mzee, unaendeleaje?" nami namjibu, "Naendelea, unaendeleaje?" naye anajibu, "Naendelea," kisha tunaangaliana kama watu waliopoteza kitu na hawakumbuki ni nini.

Makumbi hayakutosha moto usiolala. Vifuu vikaisha, maranda yakaisha. Tukakimbilia kilima cha Mkole, nyuma ya mtaa, kulikokuwa na msitu ambao wazee walikata matawi tu na shina wakaliacha. Sisi tulikata shina. Magogo yaliteremka kila siku, na Wizara ikapandisha huko kibao kikubwa cha mbao ngumu kilichoandikwa TUNZA MITI. Walipungukiwa mti wa kutengenezea nguzo za kibao wakaukata uliokuwa karibu.

Kisha vyuma chakavu navyo vikaisha, maana mji una kiasi chake cha milango ya magari na mafeni, hauwezi kuharibika kwa kasi ya Wizara. Mafundi wakakaa na moto mkali na hawana cha kuyeyusha. Hapo ndipo mafundi wetu walipobuni kitu ambacho sijui kama kuna nchi nyingine imekifikia. Wakawa wanayeyusha sufuria za jana na kumimina sufuria za leo. Kesho wanayeyusha za leo. Sufuria ileile inazunguka, kila mara ikipungua kidogo, mpaka ikawa ukiigonga hailii. Wizara ilifurahi. Hakuna kilichotoka nje, hakuna kilichopotea, hakuna aliyenunua.

Mwasiti alikuwa na sufuria ya harusi. Sekondo aliimimina mwenyewe walipochumbiana, na chini ya kitako chake aliweka alama ya dole gumba lake, udongo wa kuimiminia ulipokuwa mbichi. Siku moja tanuri lilikuwa tupu na mnara ukapiga filimbi ya onyo. Mwasiti akaingia ndani akaitoa.

"Si hiyo," Sekondo akasema.

"Iyeyushe, Fundi. Utanimiminia nyingine."

Sekondo akasimama nayo mikononi mpaka filimbi ikapigwa mara ya pili. Ikaingia. Jioni ilitoka sufuria, asubuhi ikarudi motoni na zenzake, na tangu hapo hatukujua tena ni ipi kati yao.

*

Kifua cha Mwasiti kilikuwa dhaifu tangu utotoni. Mama alikuwa akimlaza kwa kumwegemeza ukutani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsimulia ngano mpaka pumzi imrudie. Ile mila ya kuulaza moto ndiyo iliyomlea. Alasiri moshi ukikatika, naye alipata sehemu yake ya hewa. Sasa sehemu hiyo ilikuwa imechukuliwa, na hakukuwa na wa kumdai.

Alianza kukohoa. Kisha akawa anavukuta amekaa, kisha anavukuta ameinama, kisha Sekondo akamnyang'anya mvukuto. Nilimhamishia kwangu, lakini kwangu ni hatua chache tu kutoka kwake, na moshi haukuheshimu ukuta. Tukampeleka kwa shangazi yetu bondeni. Upepo ukageuka ukamfuata, tukamrudisha kwangu.

Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua akatutazama. "Dawa ninayo," akasema, "lakini kwanza apate hewa. Lazeni moto wenu hata juma moja."

Nikapanda mnarani. Nilipanda kama mpiga mbiu wa serikali, nikafika juu nikiwa kaka wa mtu. Nikamwambia Bwana Mtunga kwamba mdogo wangu hawezi kupumua, na tunaomba kibali cha kusimama.

Bwana Mtunga akatafuta kichwani mwake kwa bidii ya kweli. "Mzee wangu, kibali cha kusimama hakipo. Kingekuwepo, kingekuwa kinapingana na sera. Kipo kibali cha kuendelea polepole, lakini hicho hutolewa kwa wanaoendelea kwa kasi."

"Mgonjwa atakufa, bwana."

"Usiseme hivyo," akasema, na machozi yalikuwa yakimtoka, ya moshi au ya nini sijui. "Sema anaendelea."

Nikateremka. Njiani kila mtu aliniuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nami, mtumishi mwaminifu wa serikali, nikawajibu wote, "Anaendelea."

Mwasiti alikuwa ameegemezwa ukutani, kama zamani. Akaniita kwa mkono.

"Kaka, leo moto wamelaza?"

"Bado, mama."

"Watalaza," akasema. Akafumba macho. Alikuwa akitafuta hewa kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko wenye tundu. Alfajiri aliacha kuitafuta.

*

Siku hiyohiyo, tena kwa bahati ambayo serikali pekee huipanga, ilikuwa ndiyo siku ya Waziri kurudi. Nyundoni tulikuwa tumeshinda. Katika nchi nzima hakuna kata iliyotoa moshi mfululizo kama sisi, na Mheshimiwa alikuwa anatuletea Bendera ya Kijani. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwatangazia watu wajipange barabarani. Nikaacha kipaza sauti uvunguni, nikaenda kuchimba kaburi la mdogo wangu.

Tuliporudi kuchukua jeneza, Bwana Mtunga alikuwa msibani. Alikuwa ameteremka mnarani, kitu ambacho hakuruhusiwa. Akatoa mkono wa pole kwa kila mtu, akamfikia Sekondo.

"Pole sana, Fundi. Kazi ya Mungu haina makosa." Kisha akashusha sauti: "Naomba unielewe, baba yangu. Mheshimiwa yuko njiani. Jeneza lipite, ni haki yenu. Lakini pale karakana, moto usiguswe. Abaki mtu mmoja avukute. Mwenyewe alisema mtaomboleza huku mkiendelea."

"Abaki nani?" Sekondo akauliza.

"Mtu yeyote."

"Anayevukuta pale ni huyu," Sekondo akasema, akaonyesha jeneza.

Tukalibeba. Tulipofika mbele ya karakana tukasimama, kama mila. Mafundi wote walitoka kwenye matanuri yao wakatutazama, nyundo mkononi, na hakuna aliyejua la kufanya. Moto wa Sekondo ulikuwa ukiunguruma peke yake mle ndani. Bwana Mtunga alisimama mlangoni. Hakuzuia. Alisimama tu, kwa sababu alikuwa ameagizwa asimame hapo.

Sekondo akamwambia, "Nipishe, mwanangu."

Akampisha.

Shemeji yangu akachukua lile karai, akachota majivu. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Mengine yalimwagika chini, mengine yakamrukia usoni. Akayamwaga polepole mpaka wekundu ukapotea. Kisha akainama pale mdomoni mwa tanuri, akasema, "Lala."

Tulingoja. Ile ya kesho hakuisema.

Akatoka, akalaza nyundo yake chini mbele ya jeneza. Nikasikia nyundo ya jirani ikilazwa. Kisha nyingine, na nyingine, mpaka mwisho wa mtaa, na mwenye matairi naye akalaza yake. Moshi ukaanza kupungua. Tulipofika makaburini hewa ilikuwa nyepesi, nikavuta pumzi ndefu mpaka chini, nikaona aibu, maana mwenye haja nayo tulikuwa tunamfukia.

*

Waziri alikuta mtaa mweupe. Alisimama jukwaani na hotuba ya kusifu moshi, na moshi haupo. Akaitafuta kwa macho kamati ya mapokezi, akaitafuta bendi, mwishowe akainua macho, na kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kumziba macho, akaona kilima.

"Kile kipara ni cha nini?" akauliza.

"Ni msitu wa Mkole, Mheshimiwa," akajibu Bwana Mtunga. "Ndio uliotuwezesha kuendelea."

Waziri alikasirika, na ni haki yake. Alisema Nyundoni imelisaliti neno. Karakana zote zikafungwa kufuli jioni ileile, na Bwana Mtunga akahamishiwa kwenye mnara mwingine, mrefu zaidi, kwenye wilaya isiyo na viwanda. Matanuri ya wengine yalibomolewa. La Sekondo lilisahauliwa kwa sababu lilikuwa limejificha nyuma ya turubai la msiba.

Habari ingeishia hapo, lakini nchi yetu haikosi bahati. Wafadhili walikuja kukagua. Walitembea Nyundoni nzima, hawakuona moshi hata uzi mmoja. Hakuna gogo lililoteremka, hakuna maji machafu, hakuna kelele. Wakafurahi sana wakauliza, "Hali hii ni endelevu?"

Waziri aliwatazama mafundi wamekaa vibarazani na mikono mapajani, kila siku, wiki hadi wiki. Akafikiri, na lazima niseme ukweli, mtu yule anaweza kufikiri haraka.

"Ni endelevu kabisa," akasema. "Wamesimama, na kusimama kwao hakujasimama."

Bendera ya Kijani ikaletwa tena, ikatundikwa juu ya karakana zilizofungwa. Nikaletewa betri mpya. Nikaagizwa nipite mtaa mzima nikitangaza kwamba Nyundoni sasa ni mfano kwa taifa.

Nilianzia kwa shemeji. Alikuwa ameondoa ubao mmoja nyuma ya karakana akaingia, amekaa kwenye kigoda cha Mwasiti, mbele ya tanuri. Hitima ilikuwa imepita zamani, na kwa mila moto ulitakiwa uwe umeshaamshwa.

"Shemeji," nikasema, na salamu ilinitoka yenyewe kwa mazoea, "unaendeleaje?"

Sekondo hakunijibu jibu la serikali. Aliyatazama majivu.

"Sijui anauamshaje," akasema. "Miaka yote sikumwangalia. Nilikuwa nikimkuta tu ameshauamsha."

"Jaribu, shemeji. Huenda chini kaa lingali hai."

"Tia mkono wewe. Wewe ni ndugu yake."

Nikakunja mkono wa shati, nikautia kwenye majivu mpaka kiwiko. Yalikuwa baridi hadi kwenye tofali. Nikauacha mkono humo kwa muda, nisije nikalazimika kumwambia.

Kisha nikajipangusa, nikatoka nje, nikawasha kipaza sauti. Nilikuwa na kazi ya kutangaza kwamba Nyundoni inaendelea.